Bunduki Kuukuu Iliyorudishiwa Vipande Ina Thamani Gani?

Pale Fort Jesus, Mombasa, pana mizinga miwili ya meli. Wageni huipiga picha, watoto huipapasa, na wengi huondoka bila kujua kwamba mizinga hiyo ilikuwa ya mahasimu. Mmoja ulitoka kwenye HMS Pegasus, meli ya Waingereza iliyoshambuliwa bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Mwingine ulitoka kwenye SMS Königsberg, meli ya Wajerumani iliyofanya shambulio hilo, kisha ikakimbilia delta ya Rufiji na kuzamishwa na mabaharia wake wenyewe Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yote 10 ya Königsberg, wakaifungia magurudumu na kuiburura bara kwa ng'ombe na kwa mabega ya wapagazi. Waingereza nao wakaiopoa ya Pegasus na kuipeleka kwenye vita hivyo hivyo vya nchi kavu.

Tuseme sasa aje mjuzi mmoja mwenye vitabu na pesa, aseme mzinga wa Königsberg una kasoro. Uliundwa ukae juu ya sitaha, kwa hiyo chochote ulichofungiwa baada ya Rufiji si cha kiwandani. Kiondolewe, mzinga utafutiwe kikalio cha meli cha miaka ile ile, chenye mhuri wa kiwanda kile kile. Kuhusu kiwanda atakuwa amesema kweli. Lakini atakuwa ameifuta ile safari iliyoufanya mzinga huo uwe na maana kwetu.

Hoja ya mjuzi huyo ndiyo inayoendesha biashara ya bunduki kuukuu za kijeshi, hasa Marekani na Ulaya. Nimeifuatilia biashara hiyo kwa miaka, kama mpenzi wa historia na vitu vya kale, na kadiri ninavyoielewa ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba imechanganya mambo mawili: kipande kilichozaliwa na bunduki na kipande kinachofanana nacho. Hapa kwetu si biashara ya kuingia mtu kwa matamanio. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye bunduki awe na cheti, na makala haya si mwaliko wa kununua chochote. Lakini bunduki hizo ni sehemu ya historia yetu. Ziliteremshwa Kilindini, zikabebwa na babu zetu waliokuwa askari, na chache zilizobaki ziko kwenye makumbusho ambayo ni mali ya umma. Jinsi ulimwengu unavyozipima inatuhusu.

Nianze na jambo la nyumbani, maana ndilo lililonifumbua macho. Nyanya yangu alikuwa na kasha la njumu, la mbao nzito, lililokuja naye Kibokoni alipoolewa. Misumari yake ya shaba ilikuwa imelegea, rangi imefifia ikawa kama ya chai ya rangi. Baada ya matanga ami yangu akalipeleka kwa fundi. Likarudi linameremeta: shaba imesuguliwa, misumari mipya yenye vichwa vya duara kama vile vya zamani, mbao zimepigwa msasa na vanishi. Sote tulifurahi. Kisha akaja mnunuzi wa vitu vya kale ambaye alikuwa amelitaka tangu nyanya yu hai. Alilizunguka, akainama, akachungulia nyuma ya bamba la kufuli.

"Misumari ya zamani iko wapi, mzee wangu?"

"Ilikuwa imekwisha, bwana. Hii ni aina ile ile."

"Aina ni ile ile. Lakini hii imepigwa mwezi uliopita."

Bei aliyotaja ilikuwa chini ya nusu ya ile aliyoitaja mwaka uliotangulia. Ami alikasirika, nami pia, kwa kuwa fundi alifanya kazi safi. Ilinichukua muda kukubali kwamba mnunuzi alikuwa na haki. Alichotaka kununua ni miaka, na miaka ile tulikuwa tumeing'oa kwa koleo.

Bunduki ya kijeshi ni hivyo hivyo, ila ina vipande vingi zaidi na mihuri mingi zaidi. Wakusanyaji hutofautisha bunduki ambayo haikuwahi kuguswa tangu itoke mikononi mwa jeshi na ile ambayo mtu ameikalia na vitabu, akatoa vipande vya kigeni kimoja kimoja na kuweka vinavyolingana na kiwanda chake na mwezi wake. Ya kwanza huitwa ya asili, ya pili huitwa sahihi. Zikiwekwa mezani pamoja zinaweza kufanana kabisa. Nasema si kitu kimoja, wala hazistahili bei moja.

Chukua M1 Garand, bunduki ya jeshi la Marekani iliyopitishwa mwaka 1936. Wakati wa Vita vya Pili ilitengenezwa na Springfield Armory, zaidi ya milioni 3, na Winchester, zaidi ya nusu milioni. Vipande vyake havikupigwa nambari ya bunduki yenyewe. Vilipigwa nambari ya mchoro wa kiwandani, na mchoro ukibadilishwa kidogo nambari nayo hubadilika. Kwa hiyo mjuzi akiona nambari ya mwili wa bunduki hujua ilitoka karibu mwezi gani, na kwa mwezi huo hujua bolti, kile chuma kinachoifungia risasi mtutuni, iwe na alama gani na kilengeo cha nyuma kiwe cha namna gani. Mtutu wa Springfield umechongwa mwezi na mwaka wake, na unatakiwa uitangulie bunduki kwa muda mfupi tu. Kwenye kitako cha mbao hugongwa herufi za kiwanda na za afisa mhusika.

Utaratibu huo ni mzuri mno kwa mtafiti. Shida ni kwamba jeshi halikuujali. Baada ya vita Garand kwa maelfu zilirudishwa kwenye karakana, zikafunguliwa zote, vipande vikamwagwa kwenye masanduku, kilichochakaa kikatupwa, kizima kikafungwa kwenye mwili wowote uliokuwa mbele ya fundi. Fundi alitaka bunduki inayofyatuka. Garand nyingi tunazoziona leo zimetoka mikononi mwake: mwili wa 1943, mtutu wa miaka ya hamsini, bolti ya Winchester, kitako kisicho na mhuri wa vita. Wakusanyaji huiita mseto, kwa sauti ya dharau, na bei yake huwa ya chini.

Basi mwenye mseto huanza safari ya kuisahihisha. Kuna kipande kimoja kinachoonyesha vizuri safari hiyo inavyoweza kupotea njia. Ndani ya Garand kuna fimbo ya chuma inayosukumwa na gesi ya baruti ili kuirudisha bolti nyuma. Fimbo za wakati wa vita zilikuwa na kona kali mahali fulani, na kwenye kona hiyo nyufa zilianza. Jeshi likaamua kona ikatwe kwa umbo la nusu duara ili chuma kisipasuke. Karibu zote zikakatwa. Zile chache zilizoponea hazikukatwa, na leo ndizo zenye bei, kwa kuwa ndizo "sahihi" kwa bunduki ya mwaka 1942. Mtu hulipa pesa nyingi kuitoa fimbo salama na kuiweka ile ambayo jeshi lenyewe liliiona ina hatari ya kupasuka. Kwa bunduki ya kukaa kabatini naelewa. Lakini ile fimbo iliyokatwa ilikuwa ushahidi kwamba bunduki hii ilipita mikononi mwa fundi, ikarekebishwa na kurudishwa kazini. Ukiitoa, bunduki imenyamazishwa.

Wenye kuuza kwa uangalifu wanaijua tofauti hii. Civilian Marksmanship Program, shirika lililoundwa kwa sheria ya Marekani mwaka 1996 na linalouza Garand za serikali kwa raia wa huko, limekuwa likizipanga kwa madaraja. Kuna daraja linaloitwa sahihi, na juu yake kuna daraja la mkusanyaji. Madaraja yenyewe yanakiri kwamba usahihi wa vipande si kilele.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa kabini M1, ile bunduki fupi ya Wamarekani. Zaidi ya milioni 6 zilitengenezwa, na waliozitengeneza wengi hawakuwa watu wa silaha. Underwood walikuwa wa taipureta, IBM wa mashine za ofisi, Rock-Ola wa zile sanduku za muziki za kutumbukiza sarafu. Kiwanda kimoja kikipungukiwa na kipande, kingine kilikipelekea, kwa mpango uliokubaliwa, ili kazi isisimame. Kwa hiyo kabini ya Rock-Ola iliweza kutoka mlangoni mwa kiwanda, siku yake ya kwanza kabisa duniani, ikiwa na vipande vya Inland, kiwanda kingine cha kabini hizo. Miaka 80 baadaye anakuja mtu, anaona alama ya Inland, anaitoa kwa kudhani ni uchafu wa karakana, anaweka ya Rock-Ola aliyoitafuta miezi sita. Ameifanya bunduki iwe safi kuliko ilivyozaliwa. Ndipo ninaposema mtu anaweza kuiharibu asili kwa kuipenda vibaya.

Kwa Wajerumani hesabu ni nyingine. Karabiner 98k, bunduki ya jeshi lao iliyopitishwa mwaka 1935, ilipigwa nambari yake, nzima au tarakimu za mwisho, kwenye bolti, kwenye pete za mtutu, kwenye sahani ya magazini, hata kwenye mbao. Mtu wa Mombasa haelezwi hili mara mbili. Magari yaliyotumika kutoka Japani yanateremshwa hapa, na kila anayenunua yadini huinama kulinganisha nambari ya chesisi na ya injini na zile za karatasi. Injini nyingine ya aina ile ile itaenda vizuri tu, lakini mnunuzi ataanza maswali na bei itashuka. Ndivyo ilivyo kwa 98k: nambari zote zikilingana bei hupanda sana, bolti pekee ikiwa ya nambari nyingine hushuka kwa kishindo.

Wasovieti waliteka bunduki hizi kwa wingi, wakazifungua, wakazifuta kutu na kuzipaka upya rangi ya chuma, vitako wakavipaka shelaki nyekundu, wakazifunga bila kujali kipande kilitoka wapi. Nambari ya mwili wakaiandika kwa kalamu ya umeme juu ya vipande vya wengine. Zilipouzwa nje baada ya Umoja wa Kisovieti kuanguka, zilionekana takataka. Wengine wakazikwangua maandishi yale ya kalamu, wakagonga nambari mpya kwa chapa za Kijerumani za kughushi, wakaziuza kama zisizoguswa. Leo wako wakusanyaji wanaozitafuta zile za Kisovieti kama zilivyo, na mimi niko upande wao. Bunduki iliyotoka Ujerumani, ikatekwa na kukaa miongo kadhaa kwenye ghala la Kisovieti ina habari mbili, na mwandiko mbaya wa kalamu ya umeme ndio kurasa za habari ya pili.

Kuna mahali ambapo nambari kulingana si suala la pesa, na hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Lee-Enfield ya Waingereza ndiyo bunduki tunayoweza kuiita ya huku kwetu. Askari wa King's African Rifles waliibeba, wakaenda nayo hadi Burma mwaka 1944. Bolti yake hugongwa nambari ya mwili kwa sababu zilipimwa pamoja: nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Lee-Enfield Nambari 4 ilitengenezewa vichwa vya bolti vya vipimo vinne, 0 hadi 3, ili fundi arekebishe nafasi hiyo. Kwa hiyo anayeokota bolti "sahihi" ya kiwanda kilekile na mwaka uleule, akaitumbukiza ili kupandisha bei, amecheza na uhai wa mtu. Ingawa mhuri unakubaliana na kitabu, vyuma havikupimwa pamoja.

Na hiyo hiyo Lee-Enfield ndiyo iliyoghushiwa kuliko nyingi. Mafundi wa Khyber, mpakani mwa Pakistani na Afghanistani, wamenakili bunduki za Waingereza kwa mkono kwa vizazi. Baadhi zina mhuri wa Malkia Victoria na chini yake mwaka wa baada ya 1901, ilhali Victoria alifariki Januari 1901. Mghushi wa Khyber alinakili alama asiyoisoma. Mghushi wa leo anaisoma vizuri, na ndiyo maana ni hatari zaidi. Anauziwa mihuri ya wakaguzi, anauziwa mbao mpya zilizozeeshwa kwa mafuta na moshi. Mjuzi humkamata kwa mambo madogo: ukingo wa herufi uliobaki mkali, kipande kilichong'aa kando ya jirani yake aliyefifia, mhuri wenye kina kirefu kwenye mbao ambayo imeshapigwa msasa. Macho kama hayo hayapatikani kwa kusoma orodha ya vipande peke yake.

Kuna hasara nyingine ambayo bei haiionyeshi. Kipande sahihi hakioti shambani. Kimetoka kwenye bunduki nyingine. Kwa kuwa kilengeo, bolti, fimbo na kitako vikiuzwa kimoja kimoja huleta pesa kuliko bunduki nzima, wafanyabiashara huzibomoa kama gari lililopata ajali linavyobomolewa spea. Nyingi zinazobomolewa ni mseto, zile za karakana zenye historia yao ya kweli. Pengine baadhi zilikuwa nzima kabisa na hakuna aliyetazama vizuri. Kila bunduki iliyosahihishwa imesimama juu ya mabaki ya wenzake, na hilo sioni likiandikwa kwenye kadi ya bei.

Turudi pwani. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha jeshi Tanga, si mbali na hapa ukishapita Lungalunga, na wakashindwa. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi nene za milimita 11 na baruti nyeusi, ambayo kila ikifyatuliwa hutoa wingu la moshi linalomsaliti mpigaji. Waingereza walipokimbilia majahazini waliacha ufuoni mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwagawia askari wake. Tangu siku hiyo alikuwako askari wa Kijerumani, Mnyamwezi au Msukuma, mwenye bunduki iliyoundwa Uingereza kwa ajili ya jeshi la India. Ikipatikana leo bunduki ya namna hiyo, yenye mkanda wa ngozi ulioshonwa porini na kitako kilichofungwa waya baada ya kupasuka, kitabu gani kitasema ni sahihi? Hakuna. Kwa kipimo cha soko ni mseto mbovu. Kwangu mimi ni hati isiyo na nakala.

Ndiyo sababu naandika. Thamani ya soko hufika hadi kwenye makumbusho yetu kwa njia ya mafundi, wafadhili na washauri wanaotaka kitu kionekane kama kilivyotoka kiwandani. Ukarabati wa kuzuia kutu na mchwa ni wajibu, na hapa kwenye chumvi ya bahari ni wajibu wa kila mwezi. Lakini kitako cha askari kilichotiwa kiraka na fundi wa kikosi kisibadilishwe kwa kitako kizuri kutoka ng'ambo. Mpako wa chuma uliochujuka usipigwe mchanga na kupakwa upya, maana ule wa kwanza haurudi. Na kwa silaha zinazosalimishwa au kunaswa, kama zile 5,250 zilizochomwa Ngong Novemba 2016, sipingi moto hata kidogo, kwa kuwa zimeua watu wetu. Naomba tu mtu wa makumbusho azipitie kwanza, na kongwe ikipatikana izimwe isifyatuke tena kabla ya kuwekwa nyuma ya kioo.

Kwa mkusanyaji wa ng'ambo aliye na cheti chake na pesa zake, ombi langu ni dogo zaidi. Ukibadilisha kipande, andika. Kipande ulichokitoa kifungie kwenye mfuko wenye nambari ya bunduki, kiende na bunduki kila inapouzwa. Bunduki iliyosahihishwa kwa maandishi naiheshimu, hata kuilipia ningekubali, kwa sababu njia ya kurudi ipo. Iliyosahihishwa kimyakimya nailinganisha na ushahidi uliovurugwa, na bei yake ingekuwa chini ya ile ya mseto wa karakana, si juu yake. Najua soko la leo linafanya kinyume.

Mwaka jana tulipokuwa tukisafisha stoo ya ami tulipata kopo la maziwa ya unga, zito kuliko lilivyostahili. Ndani mlikuwa na misumari ya kasha. Fundi aliirudisha yote siku ile, na ami, ambaye hatupi kitu, aliihifadhi bila kumwambia mtu. Nimeihesabu: 64, mitatu imevunjika vichwa. Ami alitaka tuirudishe mbaoni. Nilimwomba tuache, kwa kuwa matundu yameshapanuliwa na kila kugonga kungepasua zaidi. Kopo sasa limo ndani ya kasha, pamoja na karatasi iliyoandikwa jina la nyanya, mwaka alioolewa, na mwezi ambao misumari ilitolewa.